Ruta ya nyumbani kwa mpenda muziki, Kisumu na Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Spotify ilifungua huduma zake Kenya Februari 2021, wakati Boomplay ilikuwa imeshazoeleka kwenye simu za watu. Siku hizi ohangla, benga, injili na rumba ya Kongo zinasikika sebuleni kupitia intaneti, kuanzia Milimani hadi Nyalenda, Kakamega mjini hadi Siaya. Mimi ni fundi wa mitandao ya nyumbani na ni mpenda rumba. Rumba ya dakika nane ikikatika pale sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza, inapoanza, raha yote imekwenda. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu wanaotaka kununua ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) kwa sababu ya muziki, na wengi wao huwa wanakaribia kulipia kitu wasichokihitaji.

Muziki unahitaji intaneti ya kasi gani?

Ndogo kuliko unavyodhani. Nyimbo za Spotify zilizobanwa, hata katika kiwango cha juu kwa wanaolipia, hutumia kilobiti 320 kwa sekunde. Nyimbo za kawaida za Apple Music hutumia kilobiti 256. Ukisikiliza muziki usiopunguzwa ubora, sawa na ule wa CD, sauti ghafi ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata hiyo hubanwa kidogo kabla ya kusafirishwa. Faili kubwa kabisa za Apple Music, zile za biti 24 na kilohezi 192, hupita megabiti 9 zikiwa ghafi, lakini huhitaji spika na vifaa ambavyo watu wachache wanavyo.

Kwa hiyo laini ya megabiti 5 iliyo tulivu inaweza kubeba wasikilizaji kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa wanaonunua bando: saa moja ya muziki wa kilobiti 320 hula megabaiti 144 hivi. Ukishuka hadi kilobiti 160 ni nusu yake, na kwenye spika ndogo ya jikoni ni wachache watakaosikia tofauti.

Kama ni kidogo hivyo, mbona wimbo unakatika?

Kwa sababu muziki hautaki kasi, unataka mkondo usiokatika. Programu ya muziki huvuta sehemu ya wimbo mapema na kuiweka akiba. Intaneti ikipotea kwa muda mfupi, akiba inakubeba wala hutajua. Ikipotea kwa muda unaozidi akiba, unapata kimya na kile kiduara kinachozunguka. Laini ya megabiti 100 inayozimika nusu dakika kila baada ya muda itakuudhi kuliko laini ya megabiti 5 isiyotikisika.

Ndiyo maana siulizi kwanza ruta ina kasi gani. Nauliza mkato unatokea wapi: kati ya simu na ruta, ndani ya ruta yenyewe, au nje ya nyumba kwenye laini ya kampuni. Ruta mpya inaponya mawili ya mwanzo tu.

Nitajuaje kama kosa ni la ruta au la laini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake halikugharimu shilingi. Tafuta kompyuta, au simu yenye programu ya kupima mtandao, halafu pima "ping" mbili kwa pamoja, yaani muda ambao ujumbe mdogo huchukua kwenda na kurudi. Ya kwanza ielekeze kwa ruta yako mwenyewe. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ya pili ielekeze nje, kwa mfano 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Acha zote ziende huku muziki ukicheza, tena saa za jioni wakati watu wote wako nyumbani, kisha utazame namba pindi wimbo unapokatika.

Majibu kutoka kwa ruta yakichelewa au kupotea, tatizo liko ndani ya nyumba: Wi-Fi ni dhaifu, inaingiliwa, au ruta imelemewa. Hapo ruta mpya, au kuihamisha tu, kunaweza kusaidia. Ruta ikijibu vizuri, kwa milisekunde chache, lakini 8.8.8.8 ikapotea hata wakati hakuna anayetuma video, basi hata ukinunua ruta ya bei ya ng'ombe hutapona. Piga simu kwa kampuni yako na uwaeleze saa na ulichokiona. Maelezo ya namna hiyo hufanya mhudumu akusikilize, tofauti na "mtandao ni mbaya".

Na kuna siku ambazo kosa liko mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Muziki wetu mwingi hupitia Nairobi na Mombasa kabla ya kutoka nje ya nchi. Siku kama hiyo iache ruta yako ipumzike, usiibonyeze kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani.

Dukani nimeonyeshwa Wi-Fi 4, 5, 6 na 7. Nichukue ipi?

Namba hizo ni vizazi vya Wi-Fi, kutoka cha zamani hadi kipya. Wi-Fi 4 ni ya mwaka 2009. Ruta zake za bei ya chini, kama TP-Link TL-WR840N, hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Kwa nyumba iliyosimama peke yake shambani huko Butere au Ugunja, ambako hakuna jirani wa kukuingilia, hiyo inatosha kabisa kwa muziki. Kwa ploti za Kondele au Manyatta, ambako ukifungua simu unaona majina ishirini ya Wi-Fi, usiinunue.

Wi-Fi 5 yenye masafa mawili ndiyo ninayopendekeza kwa wengi wenye nyumba ya kawaida. TP-Link Archer C6 ni mfano mzuri: ina gigahezi 2.4 na 5, na matundu yake ya kebo ni ya gigabiti. Wi-Fi 6 ina faida ya kweli pale vifaa vinapokuwa vingi, kwa kuwa ruta inaweza kuhudumia kadhaa kwa mpigo badala ya kimoja kimoja. Nyumba yenye watoto wanne wenye simu, tivi, kamera za usalama na spika mbili itaiona tofauti, mradi vifaa vyenyewe navyo viwe vya Wi-Fi 6. Wi-Fi 7 kwa ajili ya muziki ni fedha iliyopotea, isipokuwa unayo sababu nyingine.

Neno kuhusu maandishi makubwa kwenye sanduku. "AC1200" maana yake ni megabiti 300 za masafa moja zikijumlishwa na 867 za mengine, na hizo ni namba za maabara. Hakuna simu hata moja itakayopata 1200.

Nitumie gigahezi 2.4 au 5?

Gigahezi 5 ikiwa msikilizaji yuko chumba kimoja na ruta au chumba cha pili. Masafa hayo yana nafasi nyingi na hayagombaniwi sana. Ila yanachoka haraka yakikutana na ukuta wa mawe ya kuchonga au sakafu ya zege. Gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi na kufika mbali, lakini ndiko walikojazana majirani wote, pamoja na Bluetooth na maikrowevu. Ukiona muziki unakwama kila mtu anapopasha chakula jikoni, ni maikrowevu.

Kwenye gigahezi 2.4 chaneli (vijia vilivyogawanywa ndani ya masafa) zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kuonyesha Wi-Fi za jirani, tazama ipi ina watu wachache wenye nguvu, kisha iweke hiyo kwa mkono. Chaneli ikiachwa ijichague yenyewe, ruta nyingine huhama katikati ya wimbo. Weka pia upana wa chaneli uwe megahezi 20, si 40. Utapoteza kasi usiyoihitaji na kupata utulivu unaouhitaji. Kwa gigahezi 5 anza na chaneli 36 hadi 48, kwa sababu baadhi ya zile za juu hugawanwa na rada, na ruta inalazimika kuondoka ikihisi rada.

Kuna jambo watu hulisahau: spika ya Bluetooth iliyo karibu na simu inayotumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hushindania hewa ileile. Ihamishe simu kwenye gigahezi 5 na mara nyingi mikwaruzo inakwisha.

Nyumba yetu ni ya mawe, ruta iko sebuleni, chumba cha nyuma hakishiki. Ninunue ruta yenye antena nyingi?

Hapana, si kwanza. Antena sita hazivunji ukuta. Ruta ina mipaka ya nguvu, na hata ikipaza sauti, simu yako iliyo chumbani haina nguvu ya kuijibu.

Anza na mahali. Mafundi wa faiba huiacha ruta pale kebo ilipoingilia, mara nyingi pembeni karibu na dirisha, nyuma ya tivi. Nusu ya Wi-Fi yako inaenda kwa barabara. Iinue, iweke juu ya kabati katikati ya nyumba, mbali na tivi, friji na tangi la maji. Mlango wa chuma ukifungwa kati ya ruta na msikilizaji ni kikwazo kikubwa, na mabati huakisi mawimbi badala ya kuyapitisha. Wenye nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa, zote za mabati, wasishangae Wi-Fi kugoma kuvuka uani. Pima nguvu ya Wi-Fi kwa simu, kipimo chake ni dBm: ukisoma dBm -67 au bora zaidi, yaani karibu na sifuri, muziki utakwenda. Ukifika -75 kwenda chini, tarajia mikato.

Kuhama kukishindikana, vuta kebo ya mtandao hadi chumba cha nyuma na uweke huko ruta ya pili au kisambazaji kidogo. Kebo inakwenda mita 100 bila shida. Dai ya shaba tupu, si ile ya alumini iliyopakwa shaba ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa na kuanza kusumbua baada ya muda. Spika kubwa ya sebuleni yenye tundu la kebo ichomeke moja kwa moja, usahau habari za Wi-Fi. Katika kazi yangu sijaona dawa inayoshinda kebo.

Mfumo wa meshi, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ni mzuri mwenye nyumba akikataa kuta zitobolewe, hasa ukiweza kuviunganisha vituo vyake kwa kebo. Ripita ya kuchomeka ukutani, ile inayopokea Wi-Fi na kuirudia, iwe chaguo la mwisho. Ile ya masafa moja hupokea na kutuma kwa hewa ileile, hivyo uwezo hupungua kwa nusu. Ukilazimika, iweke nusu ya njia, mahali ambapo Wi-Fi bado ni nzuri. Ukiiweka chumba kile kisichoshika, itarudia udhaifu.

Kila mtu akianza kutuma video au simu ikihifadhi picha, muziki unasimama. Kwa nini, na laini ni ya megabiti 20?

Ni foleni. Ruta nyingi zina hifadhi kubwa ya data inayosubiri kutoka, na video inapoanza kupanda, hifadhi hiyo hujaa. Maombi madogo ya programu ya muziki, yale ya "nipe kipande kinachofuata", hukaa nyuma ya video nzima. Ni kama kivuko cha Luanda Kotieno kwenda Mbita kikiwa kinapakia malori kwa mpangilio wa kufika tu: mama mwenye kikapu kimoja cha samaki atasubiri malori yote, ingawa yeye nafasi yake ni ndogo.

Dawa ni ruta inayojua kupanga foleni kwa haki. Tafuta maandishi SQM, fq_codel au CAKE, ambayo ni majina ya mbinu hiyo. Ruta zinazokubali OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) zinayo, na za MikroTik zenye RouterOS 7 zinayo. Pima kasi halisi ya laini yako, kisha uiambie ruta itumie asilimia 85 hadi 95 ya hiyo, hasa upande wa kupandisha. Utapoteza megabiti moja au mbili, na foleni itahamia kwenye ruta yako ambako unaweza kuitawala. Ruta za kawaida zina QoS ya kutaja kifaa cha kupewa kipaumbele. Si nzuri kama SQM, lakini kuipa spika ya muziki nafasi ya kwanza ni bora kuliko kukaa hivyo.

Ningependa watu wengi zaidi wajue jambo hili. Familia nyingi zimepandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi 20, kisha 40, zikilipa zaidi kila mwezi, na ugonjwa ukabaki palepale.

Ruta niliyopewa na kampuni ya faiba inatosha?

Mara nyingi, ndiyo. Jaribu kwanza kuihamisha na kurekebisha chaneli. Isipotosha, huna haja ya kuirudisha: kebo ya faiba inaingia kwenye kile kifaa chao, na ruta yako unaichomeka kwake kwa kebo ya kawaida. Kisha chagua moja. Ama waombe wakibadilishe kifaa chao kiwe daraja tu, kipitishe intaneti bila kugawa anwani (namba ambayo kila kifaa hupewa kwenye mtandao), ama uiweke ruta yako katika hali ya kisambazaji, isigawe anwani. Zikigawa anwani zote mbili utakuwa na mitandao miwili ndani ya nyumba moja, na Wi-Fi ya kifaa chao ikibaki wazi, simu na spika zinaweza kuangukia mitandao tofauti zisionane.

Usiikunje kebo ya faiba. Ndani ni uzi wa kioo. Taa nyekundu ya LOS, ya kuonyesha mawimbi ya faiba yamepotea, ikiwaka, hilo halihusiani na ruta yako kabisa.

Kijijini kwetu faiba haijafika. Nifanyeje?

Kuna ruta ya laini ya simu ya 4G au 5G, na kuna Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023.

Kwa ruta ya laini, uliza bendi (sehemu ya masafa inayotumia) kabla ya kulipa. 4G ya Safaricom inatumia megahezi 800 na 1800, yaani bendi ya 20 na ya 3. Ile ya kampuni iitwayo Faiba iko megahezi 700, bendi ya 28. Ruta iliyoletwa kutoka nje bila bendi hizo ni pambo. Hakikisha pia haijafungwa kwa laini ya kampuni moja, na ikiwezekana iwe na matundu ya antena ya nje. Ukifika nyumbani iweke dirishani upande wa mnara, fungua ukurasa wake, usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara: juu ya -100 ni pazuri, chini ya -110 tafuta dirisha lingine. Kuna nyumba za Vihiga zilizo bondeni ambazo upande mmoja wa nyumba unashika na mwingine haushiki.

Starlink inataka anga wazi. Mwembe mmoja ukiwa upande mbaya utakuletea mikato mifupi kila mara. Programu yake hukuonyesha vizuizi kabla ya kufunga sahani, kwa hiyo itumie. Akiba ya programu ya muziki huvumilia mikato ya sekunde chache vizuri kuliko simu ya video. Ila sahani hula umeme mara kadhaa kuliko ruta ya kawaida. Mwenye sola ndogo apige hesabu mapema.

Stima ikipotea muziki unakufa, hata simu ikiwa na chaji. Kuna njia?

Nunua UPS ndogo ya ruta, ile ya betri ya lithiamu inayotoa volti 12 au 9 moja kwa moja. Tazama volti kwenye adapta ya ruta yako na zilingane. Volti 12 kwenye ruta ya volti 9 zinaweza kuiunguza.

Usidanganywe na namba ya mAh. Betri ya mAh 8,800 hupimwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ina wati-saa 32 hivi. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tatu na kitu, ukiondoa kinachopotea njiani. Ikiwa kifaa cha faiba na ruta ni vitu viwili, vyote viwili lazima vipate umeme. Nimekuta watu wamewasha ruta tu na kushangaa Wi-Fi ipo lakini intaneti haipo.

Na radi?

Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na anayekaa Kisumu, Kisii au Kakamega hahitaji kuambiwa. Mawingu yakijikusanya alasiri, chomoa adapta ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Chomoa pia kebo yoyote ya shaba inayotoka nje: ya antena, ya sahani, ya kamera ya getini. Fanya hivyo kabla dhoruba haijafika, usizishike nyaya wakati inapiga. Kioo cha faiba chenyewe hakipitishi umeme. Kifaa cha kukinga tivi na friji kinasaidia stima ikirudi kwa kishindo, lakini hakizuii radi iliyopiga karibu.

Spika yangu haionekani kwenye simu, ingawa zote ziko kwenye Wi-Fi. Ruta ni mbovu?

Karibu kila mara si mbovu. Angalia kama moja iko kwenye Wi-Fi ya wageni. Mtandao wa wageni huzuia vifaa visionane, na Chromecast na AirPlay, njia za kurusha muziki kutoka simu hadi spika, zinahitaji vionane. Angalia pia kipengele cha kutenganisha vifaa, kizime. Spika nyingi za bei nafuu zinajua gigahezi 2.4 tu. Wakati wa kuziunganisha mara ya kwanza, yape masafa mawili majina tofauti, kisha simu iwekwe kwa muda kwenye 2.4.

Nikienda dukani niulize nini?

Uliza kama ina masafa mawili. Uliza waranti ni ya muda gani na inashughulikiwa hapa Kisumu au ni mpaka itumwe Nairobi. Tazama adapta kama ni ya pini tatu na ya volti 240, na kama ruta imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwenye tovuti ya mtengenezaji, tazama tarehe ya programu ya mwisho ya ruta hiyo. Ikiwa haijaguswa kwa miaka mingi, mashimo ya usalama hayatazibwa. Ya mitumba inunuliwe ikiwa imewashwa mbele yako na nenosiri la msimamizi linajulikana.

Hakuna njia ya bei rahisi kuliko kununua ruta?

Ipo: pakua nyimbo usiku mtandao ukiwa tulivu. Anayelipia Spotify anaweza kuhifadhi hadi nyimbo 10,000 kwa kifaa kimoja, mradi aunganishe intaneti angalau mara moja kila siku 30. Kwa sherehe ya harusi, au matanga ambayo muziki lazima uende usiku kucha, sitegemei Wi-Fi ya mtu yeyote. Napakua.

Ruta ya zamani nifanyie nini?

Ikiwa nzima, igeuze kisambazaji cha chumba cha nyuma. Ipe anwani tofauti na ya ruta mpya, zima ugawaji wa anwani, kisha uiunganishe na mpya kwa kebo kupitia matundu ya LAN (ya vifaa vya nyumbani) pande zote mbili, si lile la WAN (la intaneti inayoingia). Ipe jina na nenosiri lilelile la Wi-Fi ila chaneli tofauti, na simu itahama yenyewe kutoka sebuleni hadi chumbani.